Saa za Kamani: Ufundi Wangu Chang'ombe, Kinondoni na Mtoni

Neno la kwanza nililoambiwa kazini lilikuwa "Usisogee!"

Nilikuwa ndiyo kwanza navuka kizingiti cha karakana ya saa pale Chang'ombe, mguu mmoja ndani na mwingine bado uko barazani, nimevaa gauni nililoshonewa kwa ajili ya siku ile. Ndani, wanaume wanne walikuwa wamepiga magoti, kila mmoja na kibla chake. Aliyenipigia kelele alikuwa mtu mzima mwenye sweta la kijani, katika joto lile la Dar es Salaam.

"Usisogee, binti! Skurubu imeanguka."

Nikaganda pale pale. Niliajiriwa niuze mikanda na vioo vya saa kwenye kaunta, lakini mambo ya skurubu nilikuwa siyajui. Ya saa ya mkono ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na ikidondoka sakafuni unaweza kuitafuta mpaka unamkumbuka mama yako. Niliwatazama wakipapasa. Kisha nikamtazama vizuri yule wa sweta, nikaona kitu kinang'aa kwenye nyuzi za kifuani.

"Shikamoo baba," nikasema. "Samahani. Ile pale kwenye sweta lako, si ndiyo?"

Akajitazama. Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kabisa. Yeye hakucheka. Aliinasa skurubu kwa kibano, akairudisha kwenye saa yake, ndipo akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Zuhura, natoka Mtoni.

"Macho kama hayo," alisema, "halafu mtu anataka yauze mikanda?"

Huyo ndiye Fundi Mkuu. Alikuwa Mpare, mzee wa kanisa, anapiga mluzi wa nyimbo za ibada huku anafanya kazi, na sweta lake hakulivua hata Februari. Jioni ile alikwenda ofisini kwa Meneja Mkuu, na kesho yake kaunta alikaa mtu mwingine. Mie nikapewa stuli, kibano, na lenzi ya kubana kwenye jicho. Sikulala kwa furaha. Mama yangu aliniuliza kama nimepandishwa cheo siku moja baada ya kuanza kazi, nikamwambia, "Mama, sijui, ila nimepewa kibano."

Kabla ya kugusa saa ya mteja, nilifundishwa kwa saa mbovu ya mezani, nikiifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga. Nyie mnaosoma haya pengine hamjawahi kuona tumbo la saa ya zamani, basi niwaeleze. Ndani yake mna utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo. Huo ndio kamani. Ukijaza saa unaukaza, na katika kujifungua kwake unasukuma magurudumu. Yangeachwa yangezunguka yote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kuna kipande chenye umbo la nanga kinachozuia jino moja moja. Ule mlio wa ta-ta-ta ni nanga inaachia na kukamata. Anayeipangia nanga mwendo ni mizani, gurudumu linalokwenda na kurudi, likivutwa na kamani nyingine nyembamba sana ambayo sie mafundi tuliiita unywele. Watu walipojisifu kwamba saa yao ina mawe kumi na saba, walikuwa wanasema kweli: ni vito vidogo vyekundu ambamo mihimili huzunguka isilike.

Fundi Mkuu alifundisha kwa hadithi. Siku moja nilimuuliza kwa nini saa za kike ni ndogo na ngumu hivi, na kwa nini zote anazileta mezani kwangu.

"Kwa sababu ndizo mama wa nyingine zote," akasema. "Zamani mwanamume wa Ulaya alitia saa mfukoni, na mnyororo juu yake. Ya mkononi ilikuwa bangili ya wanawake. Mwanamume akiivaa, anachekwa. Halafu ikaja vita kuu ya kwanza. Askari yuko handakini, mkono mmoja bunduki, mwingine unahangaika mfukoni atafute saa ajue wakati wa kutoka. Wakaanza kuzifunga mkononi kwa ngozi. Vita ikaisha, wakarudi nazo nyumbani. Nani atamcheka mtu aliyetoka vitani?"

"Kwa hiyo wanaume walituiga sie?"

"Waliwaiga. Lakini usiliseme kaunta, tutakosa wateja."

Majina ya viwanda sitayataja. Vingine vingali hai na wanasheria wao hawasinzii. Lakini sura zao nazikumbuka kama sura za shangazi zangu. Saa za Waswisi zilikuwa nyembamba, tulivu, za kuvaliwa harusini. Fundi Mkuu aliwapenda waliozitengeneza kwa sababu walikuwa watu wa milimani kama yeye: theluji ikianguka hakuna kulima, basi familia nzima inakaa dirishani, huyu anachonga magurudumu, yule anasokota kamani, mpaka theluji iyeyuke washuke kuuza. Hao hao Waswisi, pamoja na Mwingereza mmoja, ndio waliozifikisha mikononi mwa watu saa zinazojijaza zenyewe. Nyuma yake kuna bamba zito la nusu mwezi, na ukitembea, mkono unavyoning'inia ndivyo kamani inavyokazwa. Mwalimu mmoja wa Keko aliniletea yake akilalamika kwamba inasimama kila likizo. Nilimuuliza likizo anafanya nini. "Nalala," akasema.

Za Warusi zilikuwa nene, mgongo kama sufuria, lakini zilikataa kufa. Moja iliingia imejaa mchanga na mafuta ya injini, tukaiosha kwa benzini, ikaondoka kama haijui kilichoipata. Na Wajapani walipokuja na saa za chuma zinazoonyesha siku na tarehe, makarani wote wa mjini walizitaka. Za namna hiyo nimefungua nyingi kuliko nilivyofungua kopo la maziwa.

Nilikosea pia, na kosa la kwanza lilinifundisha mji wangu mwenyewe. Mzee mmoja wa Mbagala alileta saa yake isafishwe. Nikaisafisha, nikaitia mafuta, nikaiweka sawasawa na redio. Kesho yake alirudi amefura.

"Umeniharibia saa, mwanangu! Jua limezama, nayo inaniambia saa sita. Saa sita ya nini?"

Yule mzee hakuwa na haja na saa ya Kizungu niliyompangia. Alitaka akrabu, yaani ile mishale, isimame kwenye kumi na mbili magharibi ikiingia, kama babu zake walivyohesabu. Nami, mtoto wa pwani niliyezaliwa nasikia "saa moja asubuhi", nilikuwa nimesahau! Niliomba radhi, nikazungusha akrabu, mzee akaondoka anatabasamu. Fundi Mkuu alisema tangu siku ile tuwe tunamuuliza kila mteja saa yake inakaa nchi gani.

Nilipokomaa, Meneja Mkuu alinihamishia tawi la Kinondoni niwe fundi wa pale peke yangu. Kutoka Mtoni ni mwendo, lakini ningeweza hata kukimbia. Tawi lile liliongozwa na Mama Meneja, Mhaya mrefu mwenye kicheko kinachosikika barabara ya pili, aliyeita kila mtu "mwanangu" hata wateja waliomzidi umri.

"Zuhura mwanangu," aliniambia asubuhi ya kwanza, "mie sijui ndani ya saa kuna nini, na sitaki kujua. Mie najua watu. Wewe shika saa, niachie mie watu."

Hapo Kinondoni ndipo akaja Athumani. Alikuwa fundi wa redio na spika, kibanda chake kiko mtaa wa nyuma, na vipaza sauti vya harusi na misikiti ya pale vyote vilipita mikononi mwake. Alileta saa ya Kiswisi ya marehemu baba yake, uso mweusi, ya kujaza kwa mkono.

"Dada, saa yangu inakimbia."

"Inakimbia kiasi gani?"

"Nikiswali adhuhuri, yenyewe iko alasiri."

Nilipoifungua niliona ugonjwa mara moja. Unywele ukipata sumaku, mizunguko yake hushikana, mizani inapiga kwa pupa, na saa inakimbia kama mwizi. Dawa yake ni koili ya umeme: unaingiza saa katikati, unaitoa taratibu, sumaku inaondoka. Nilimweleza yote hayo, nikamwambia aiweke mbali na spika. Akanisikiliza kwa makini kuliko mteja yeyote niliyepata kumwona.

Wiki iliyofuata alirudi. Inakimbia. Nikaitibu. Wiki nyingine, inakimbia. Nikaitibu nikiwa na mashaka na koili yangu. Aliporudi tena, nilianza kuamini kwamba ufundi wenyewe sijaujua, na usiku nikawa nawaza kama nirudi Chang'ombe nikamuulize Fundi Mkuu. Mama Meneja, aliyekuwa amekaa kwenye kaunta anakula karanga, akasubiri kijana atoke.

"Zuhura, saa ile haiumwi."

"Inaumwa, Mama. Nimeiona mwenyewe."

"Anayeumwa ni aliyeileta."

Mchana nilikwenda mtaa wa nyuma. Athumani alikuwa ameinamia redio, hakuniona nikiingia. Spika kubwa ilisimama ukutani mgongo wazi, na kwenye sumaku yake, sumaku nene kama mkate wa mofa, saa ya baba yake ilikuwa imenata.

"Kaka Athumani. Hii ni sumaku."

Akashtuka, akasimama. "Naijua."

"Ndiyo inayoharibu saa yako."

"Najua. Ulinieleza siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini unaiweka hapo?"

Akafuta mikono kwenye suruali, akatazama chini. "Ikipona, dukani nitakuja kufanya nini?"

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimepoteza usingizi kwa ajili ya koili ile! Lakini kicheko kilinitoka kabla ya hasira. "Nunua mkanda," nikamwambia, "kama watu wengine." Kesho yake akaja kununua mkanda, na kesho kutwa akanunua mwingine, na baada ya Ramadhani wazee wake walikuja Mtoni na posa. Mama Meneja alipiga vigelegele harusini kushinda shangazi zangu wote, akimwambia kila aliyekaa karibu kwamba yeye ndiye daktari aliyegundua ugonjwa.

Wakati huo huo saa za betri zilikuwa zinaingia mjini. Ya kwanza aliifungua Fundi Mkuu mbele yangu, nilipokwenda Chang'ombe kuchukua vipuri. Ndani mlikuwa na plastiki, koili ndogo, na kipande cha jiwe ambacho, ukikipitishia umeme wa betri, kinatetemeka kwa kipimo kisichobadilika. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Haina kamani," alisema. "Haina unywele."

"Ni mbaya?"

"Hapana. Inasema kweli kuliko hizi zangu zote." Akavua lenzi. "Hilo ndilo linaloniuma."

Wajapani ndio waliotangulia kuzimwaga sokoni, na zilikuwa rahisi. Tukasikia kule milimani viwanda vya Waswisi vinafungwa kimoja baada ya kingine, mitambo ya mababu inauzwa chuma chakavu. Halafu upepo ukafika kwetu. Meneja Mkuu alituita wote Chang'ombe, akasimama katikati ya karakana. Alikuwa mtu mwema, na sauti yake ilionyesha kwamba hakuipenda kazi ya siku ile.

"Karakana ya kamani inafungwa. Wenye umri wa kustaafu watastaafu. Wengine watakwenda kaunta, watauza na kubadili betri. Makasha ya vipuri vya zamani yatatupwa."

Makasha yale yalijaza ukuta mzima: mihimili, mizani, nanga, akrabu, taji za kujazia, vya kila nchi niliyowatajia. Fundi Mkuu aliyakusanya tangu ujana wake. Nilimtazama. Alikuwa ameshika ncha ya sweta lake kama mtoto.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Meneja, kama yanatupwa, naomba niyatupe mie."

"Utayatupa wapi?"

"Nyumbani kwetu, Mtoni."

Watu wakacheka, na Meneja Mkuu mwenyewe akacheka. Lakini alinielewa, akaacha kucheka. "Zuhura, kaunta kuna mshahara. Huko Mtoni kuna nini?"

Nilikuwa na mimba ya kwanza, na mshahara ule tulikuwa tunautegemea. Niliomba siku moja nifikiri. Jioni nilimweleza Athumani, nikitarajia aniambie nitulie kaunta. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Wewe ukikaa kaunta utakuwa unarudi nyumbani umenuna," alisema. "Mie siwezi kuishi na mtu aliyenuna. Harusi hazijaisha mjini, spika zitatulisha. Kayachukue makasha yako."

Tuliyabeba kwa mkokoteni na meza ya Fundi Mkuu juu yake, yeye mwenyewe akitembea pembeni, mkono juu ya meza isianguke, mpaka Mtoni. Alikula wali kwetu. Kisha akarudi milimani kwao, kunakofaa sweta.

Nikafungua kibanda kando ya Kilwa Road, nikaandika ZUHURA FUNDI SAA kwa rangi nyekundu. Watu waliingia wakaniuliza fundi yuko wapi. "Ndiye mie," nasema. Wengine walitoka. Waliobaki walirudi na ndugu zao. Nikiri pia kwamba betri ile tuliyoililia ndiyo iliyonilisha: nilibadili betri, nikakata mikanda, nikaweka vioo, na binti yetu Rehema akasoma. Saa za kamani zilikuja moja moja, kama wageni wa mbali, na kila ilipokuja nilifunga redio niisikilize vizuri.

Baadaye zikaja simu, na mikono ya watu ikabaki mitupu. Rehema, ambaye amekulia chini ya meza yangu, akajifunza ufundi wa simu, akaweka meza yake mkabala na yangu. Tulifanya kazi hivyo, yeye na vioo vyake, mie na akrabu zangu, tukiazimana vibano na kugombana nani hajarudisha.

Halafu, sijui niseme nini kilitokea, vijana walianza kuja. Walizikuta saa kwenye mitumba, kwenye masanduku ya babu zao. Walinionyesha kwenye simu picha za saa za aina ile ile zinavyothaminiwa ng'ambo. "Bibi, shikamoo. Hii ishu imesimama, wameniambia fundi ni wewe tu." Wakati ule ndipo niliposhusha makasha. Kila nilipofungua kijisanduku nikakuta kipuri kinachotafutwa, nilipiga kelele, na Rehema alikuwa ananiambia, "Mama, wateja watatukimbia." Hawakukimbia. Walikaa kwenye benchi wakaniuliza saa ile imetoka wapi, nani alitengeneza, kwa nini ina duara tatu ndogo usoni. Nikawasimulia habari za wakulima wa theluji na askari wa mahandaki. Sijapata kucheka kazini kama miaka ile.

Mwisho macho yalianza kuniona mjinga. Palipo na skurubu moja nikawa naona mbili, na kibano kinachagua ile isiyokuwepo. Nikasema basi. Sasa nakaa Madale kwa Rehema, kwenye kilima chenye upepo, Athumani analima mchicha, nami nalea wajukuu. Jumapili vijana hupanda kilima na saa zao. Swali lao ni lile lile: katika zote ulizofungua, Bibi, ipi ilikuwa bora? Wanategemea niseme ya Kiswisi fulani. Mie huwasimulia kuhusu saa ya mwisho niliyotengeneza.

Aliyeileta alikuwa mkunga mstaafu kutoka Kigamboni, mama mnene mwenye mvi, alitembelea fimbo. Saa yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya Kiswisi ya bei nafuu, uso mweupe, namba kubwa, na akrabu ndefu nyekundu ya sekunde. Saa za namna ile zilitengenezwa kwa ajili ya manesi, wapate kuhesabu mapigo ya mgonjwa. Ilikuwa imesimama tangu alipoiangusha zahanati, miaka mingi nyuma, na mafundi wote walimwambia anunue nyingine.

"Nilikuwaga nayo kila zamu," alisema. "Watoto wote wa pale walipita chini ya hii saa. Najua ni kitu cha kizamani, lakini mkono wangu haujaizoea nyingine."

Mhimili wa mizani ulikuwa umevunjika, ule uti mwembamba unaobeba gurudumu zima. Nilimwambia asiweke matumaini makubwa. Nilipekua makasha na Rehema akishika taa, nikaupata katika karatasi iliyokunjwa kwa namna ya Fundi Mkuu. Kuupachika kulinichukua mchana wote. Mara nyingine nilimwita Rehema aniangalie kama ncha ya mhimili imeingia kwenye jiwe au iko pembeni. Mama yule hakuondoka. Alikaa kwenye benchi na fimbo yake, akaongea na wateja wa simu.

Nilipoweka mizani mahali pake, ikasita. Nikapuliza kidogo. Ikaenda, ikarudi, ikashika mwendo. Nikafunga mgongo, nikajaza, nikamkabidhi.

Aliivaa bila kuitazama, jinsi mtu anavyovaa kandambili zake mwenyewe. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mkono wake mzito, akaushika wangu. Vidole viwili vikatua juu ya mshipa, na macho yake yakafuata ile akrabu nyekundu. Midomo yake ilihesabu. Rehema aliacha simu aliyokuwa anaifungua. Nje magari yalipita Kilwa Road, na mie nilitulia kama mtoto aliyepelekwa zahanati.

Akrabu ikamaliza mzunguko. Akaniachia mkono, akaupigapiga kwa upole.

"Mzima wewe," alisema. "Haukimbii, hauchelewi."